Mlinzi wa Miaka Mitatu

Kwa miezi minane ya mwaka Dionisi alikuwa mtu wa kamba. Siku hizo pantoni ya Kivukoni ilivutwa kwa mikono, naye alikuwa mmoja wa wanaume sita waliojipanga ubavuni mwake wakiivuta kamba nene iliyokatiza mto Kilombero, huku lori la mchele likitetemeka nyuma yao. Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja, na aliliamini kama wengine wanavyoamini katekisimu: kitu chochote kikifungwa vizuri hakiendi popote. Miezi minne iliyobaki, mto ulipopanda na kumeza barabara ya Mahenge, pantoni ilifungwa kwenye mti, na Dionisi akawa mkulima na baba. Ukulima aliuweza.

Mwaka 1956 mke wake Eufrasia alijifungua mtoto wa tatu katikati ya Aprili, mpunga ukiwa unaanza kujaza maziwa. Mtoto hachagui siku, lakini huyu alichagua vibaya, kwa sababu kweleakwelea, ndege wadogo wala nafaka, nao hungojea maziwa hayohayo. Majira hayo kila familia ya bondeni huhamia shambani na kuishi juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo juu ya maji. Mama ndiye anayekaa humo tangu alfajiri mpaka jua lichwe, mtoto mgongoni, mkono mmoja ukikoroga uji na mwingine ukivuta kamba. Kamba hizo hutoka dunguni kwenda kila pembe ya shamba, zimening'inizwa makopo yenye kokoto. Ukivuta, shamba zima linapiga kelele na ndege wanaruka. Eufrasia alikuwa akivuta moja kwa kidole cha mguu bila kuacha kuzungumza, na Dionisi, katika miaka saba ya ndoa, hakuwahi kuona kwamba hiyo ni kazi.

Sasa Eufrasia alikuwa ndani, Ifakara, akimaliza siku zake arobaini. Mama yake, Bibi Balbina, alikuwa ameshuka kutoka Mahenge kabla ya mafuriko ili amtunze mzazi. Alikuwa amekuja na kuku watano na nia moja. Kwao, mtoto mpya akizaliwa, aliyemtangulia huenda kulelewa na bibi. Aliyetangulia alikuwa Emerensiana, miaka mitatu.

"Pantoni ikifunguliwa naondoka naye," alisema Bibi Balbina.

Dionisi aliyasikia hayo akiwa nje, ameupa ukuta mgongo, maana mkwe mwanamume haketi chumba kimoja na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni. Mambo yote baina yao yalipita kwa mtu wa tatu, hata kama wote wawili walikuwa wanasikia.

"Mwambie mama kwamba mtoto ana baba," alisema Dionisi.

"Baba Konsolata anasema mtoto ana baba," alisema Eufrasia.

"Mwambie simkatai," alisema mama yake. "Mwulize tu kama amewahi kumwosha uso."

Eufrasia hakuuliza. Nje Dionisi alianza kuhesabu kuku wa mkwe wake.

"Mwulize tena," alisema Bibi Balbina.

Kulikuwa na jambo ambalo Dionisi hakuweza kulipitisha ukutani. Jioni, pantoni ikigusa ukingo wa Ifakara, kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekimbia kumpokea, mtu mwenye pua inayotiririka, ambaye alimshika kidevu kwa mikono miwili na kumweleza kwa kirefu habari zisizo na kichwa wala miguu. Mtu huyo akienda Mahenge, atarudi akiwa binti wa kuamkia watu kwa adabu. Atamwamkia na yeye.

"Mwambie nitakaa naye shambani," alisema hatimaye. "Yeye na dada yake. Na mpunga nitaulinda mwenyewe."

Ndani Bibi Balbina alicheka, si kwa ubaya. "Basi. Mto ukipungua nitakwenda kutazama. Nikikuta mtoto mzima na mpunga mzima, nitapanda pantoni peke yangu. Kimoja kikipungua, nitapanda na mjukuu wangu."

Wakahamia dunguni, watatu. Konsolata, mkubwa, alikuwa na miaka sita na roho ya kweli tupu. Masista walikuwa wamemfundisha kwamba kusema uongo ni dhambi, lakini hawakupata nafasi ya kumfundisha kwamba kunyamaza si uongo.

"Mama huwa anaweka chumvi mwisho," alisema siku ya kwanza, akiutazama uji wa baba yake.

"Sawa."

"Mama huwa anapuliza kabla hajatupa."

"Sawa, mama."

"Mama huwa hauunguzi."

Siku ya pili Emerensiana alianguka majini mara mbili, akawapa samaki mwiko pekee wa nyumba, na akamlaza chura ndani ya ungo wa unga, akamfunika vizuri apate joto. Dionisi alimgombeza kwa Kipogoro, akambembeleza kwa Kiswahili, na ilipofika adhuhuri alikuwa akitumia maneno mawili ya Kijerumani aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo yote yalimaanisha simama. Emerensiana alizielewa lugha zote tatu. Hakusimama. Na kila Dionisi alipomkimbilia, aliacha kamba za makopo, na wingu la ndege likatua.

Siku ya tatu, mtu wa kamba akapata akili. Alimfunga Emerensiana kiunoni kwa kipande cha kanga kuukuu, akakifunga kipande hicho kwenye nguzo ya katikati ya dungu, kwa urefu wa kumwezesha kuzunguka asifike ukingoni. Hapo hata Eufrasia asingeona kosa, maana kila mama wa bondeni hufanya hivyo. Lakini Dionisi alikwenda mbele zaidi. Alizikusanya kamba zote za makopo, nane kwa jumla, akazifunga kwenye kiuno hichohicho.

Emerensiana aliruka. Shamba lote likalia. Akaduwaa, akaruka tena.

Ng'ambo ya mfereji, juu ya dungu lake, jirani yake Marselino aliweka kombeo chini.

"Dionisi, hapo umefunga mtoto au umefunga mbuzi?"

"Nimeajiri mlinzi."

"Anakula nini?"

"Uji."

"Ule unaonukia mpaka huku? Huyo atagoma, bwana."

Hakugoma. Kwa siku nne alicheza ngoma, alianguka makusudi, aligombana na nguzo, na ndege wa shamba la Dionisi walihamia kwa Marselino. Dionisi aliondoka dunguni kifua mbele kwenda kutega migono yake kwenye mfereji, akarudi na kambale wanene. Adhuhuri alilala chini ya dungu kwenye kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, makopo yakilia juu yake, na hakuna muziki uliowahi kumlaza vizuri zaidi. Alianza kuwahurumia wanawake. Miaka yote hii, alifikiri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiri.

Siku ya tano ya ulinzi huo alikuwa kwenye migono aliposikia utulivu. Mama yeyote angemweleza maana yake: mtoto akinyamaza, kimbia. Dionisi alijiambia, "Ameanza kuwa na adabu," akaendelea kutoa samaki.

Aliporudi, Emerensiana alikuwa ameketi katikati ya dungu, miguu ameikunja, mikono mapajani, kama mtu aliye kanisani na anayeamini. Mbele yake shamba lilikuwa halina rangi ya mpunga. Lilikuwa la kahawia, linatikisika, lina midomo.

Dionisi alipiga kelele. Wingu likainuka, likafunika jua, na Emerensiana akaangua kilio cha mtu aliyeibiwa.

"Umewafukuza," alisema kwa kwikwi. "Walikuwa wanakula."

"Wanakula mpunga wetu, mwanangu."

"Wana njaa."

"Nimemwambia aruke," alisema Konsolata. "Akasema akiruka wanaondoka, asiporuka wanakuja. Amekaa hivyo tangu ulipoondoka, baba. Hajakohoa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mitatu kila mtu alimwambia mtoto huyu atulie, na hakuna aliyempa sababu. Sasa alikuwa ameipata mwenyewe, na ilikuwa na mabawa. Dionisi alijaribu kumwomba aruke. Alimwahidi kichwa cha kambale. Aliruka mwenyewe ili amwonyeshe, mpaka nguzo moja ikalegea na Marselino akauliza ng'ambo kama kuna harusi. Emerensiana alimtazama kwa upole, akangoja amalize, kisha akakaa tena kimya.

Angeweza kuzifungua kamba na kuzivuta mwenyewe kutwa, kama mwanamke. Hilo alilifikiria kwa siku mbili nzima. Alipokubali kulifanya, pembe ya mashariki ilikuwa karibu yote makapi, na Jumapili ilikuwa imefika. Konsolata alitakiwa kwenda misa Ifakara kwa mtumbwi wa Marselino, kisha kumwona mama yake.

"Mwambie mama tunaendelea vizuri," alisema Dionisi.

"Nimwambie na habari za kamba?"

"Hakuna haja."

"Akiniuliza?"

"Hawezi kukuuliza habari za kamba. Atajuaje?"

Konsolata alifikiri kidogo. "Bibi huwa anauliza, 'Na kingine?'"

Konsolata alirudi jioni ileile; Jumanne mtumbwi wa Marselino ulikuja na Bibi Balbina ndani yake, ameketi wima, mkeka mdogo mpya wa mtoto umeviringishwa mapajani. Pantoni ingefunguliwa Alhamisi. Dionisi, aliyekuwa ameingia mferejini kidogo tu kutazama migono, aliona kitambaa cheupe cha kichwa kikipanda ngazi ya dungu lake, akajua amechelewa. Hakuweza kupanda alikopanda mkwe wake. Alijificha nyuma ya matete, maji yakimfika magotini, akatazama.

Bibi Balbina alikuwa na sifa moja iliyojulikana pande zote mbili za mto: hakuwa ananyamaza. Alipanda akisema, aliketi akisema, akamfungua mtoto kipande cha kanga akisema ni mtu gani aliyesoma mpaka darasa la nne anayemfunga binadamu. Kisha Emerensiana alimwekea kiganja kimoja mdomoni.

"Nyamaza, bibi. Wanakuja."

Dionisi alingoja kofi. Halikuja. Bibi Balbina alikaa na kiganja kile mdomoni, na mbele yake, kutoka upande wa Namawala, wingu lilikuja likijikunja na kujikunjua kama shuka linalokung'utwa, likazunguka mara moja, mara mbili, likatua. Maelfu ya midomo ikaanza kukatakata. Mtoto alikuwa hapumui. Bibi naye.

Ulikuwa ni mpunga wake uliokuwa unaliwa, ule uliobaki, na Dionisi hakuweza kufanya lolote. Kumpigia kelele mtu aliyeketi na mama mkwe ni sawa na kumpigia kelele mama mkwe. Alihesabu masuke. Mwishowe akafanya linaloruhusiwa na adabu: akakohoa.

Wingu likaruka. Emerensiana akalia.

"Nani huyo anakohoa?" aliuliza Bibi Balbina bila kugeuka.

"Baba," alisema Konsolata.

"Mwambie baba yako kuna watu hapa wanatazama kitu."

Sehemu iliyobaki ya siku hiyo, na siku nzima iliyofuata, Dionisi aliendelea kupokea habari za shamba lake kupitia Konsolata. Bibi anasema kamba zote za makopo ziondolewe. Bibi anasema pembe ya mashariki imeshaharibika, basi iachwe kwa ndege wa mtoto, wale mpaka kwenye mfereji mdogo unaoitenga pembe hiyo. Bibi anasema wakivuka mfereji, yeye atasema nao. Na kweli, walipovuka, Bibi Balbina alifungua kinywa tu, bila kopo wala kombeo, na ndege walirudi ng'ambo wakiwa wameambiwa aibu za ukoo wao wote. Emerensiana aliona hilo ni haki. Kwa pembe yake alikaa kimya, kwa pembe nyingine alimsaidia bibi yake kupiga kelele. Dionisi hakuelewa kwa nini yeye hakulifikiria jambo dogo namna hiyo.

"Mwulize bibi," alimwambia Konsolata, "habari za pantoni."

Konsolata alipanda, akashuka. "Anasema mpunga haukuwa mzima."

"Na kingine?"

"Basi. Anasema uendelee na migono, samaki ni wazuri."

Alhamisi alfajiri Dionisi alikwenda Kivukoni kazini. Alipoondoka, mkeka mdogo ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ya dungu, bado umeviringishwa. Kivukoni lori la Mahenge lilikwisha panda pantoni, na watu walikuwa wakiingia na kuku, mafurushi na baiskeli. Alitazama kila kitambaa cheupe kilichoshuka ukingoni. Alikuwa ameshapanga la kufanya: atavuta kamba akiwa ameupa mto uso, asigeuke mpaka ng'ambo.

Mtumbwi wa Marselino ulifika. Ndani yake alikuwa Konsolata peke yake.

"Bibi yuko wapi?"

"Dunguni. Mkeka amemtandikia Eme. Anasema lori liende tu."

"Mtoto je?"

"Anasema kwao Mahenge kuna baridi na hakuna ndege wa kutosha. Hakai huko mtoto kama huyu. Anasema yeye atakaa hapa mpaka mavuno, halafu ataona. Mama na mdogo wetu watakuja wiki ijayo." Konsolata alivuta pumzi, maana ujumbe ulikuwa mrefu. "Na anasema dungu halitoshi, ujenge jingine. Na jioni ukirudi upite kwa nyuma, usikohoe."

Msimamizi aliuliza kama Dionisi anavuta au anahojiwa. Dionisi aliishika kamba, akavuta kwa nguvu mpaka mwenzake wa nyuma akamwambia apunguze, hii ni pantoni si ngalawa.

Jioni alipita kwa nyuma. Hakuna mtu aliyekimbia kumpokea. Wawili walikuwa juu, wameipa njia mgongo, kichwa kikubwa na kidogo, na pembe ya mashariki ilikuwa ya kahawia tena. Dionisi alisimama ndani ya maji nyuma ya matete, baba wa watoto watatu na mwenye shamba, akazuia kikohozi, akangoja ndege wamalize kula ndipo aende kwake.