Kete Ishirini na Nne za Kreti Moja

Siku yangu ya kwanza kazini Mkurugenzi alinipa kizibo kimoja cha bati akaniambia nihesabu meno yake. Nilihesabu mara mbili, nikapata ishirini na moja. "Ukikuta chenye pengo, tupa," alisema, kisha akarudi kugeuza tangawizi. Tulimwita Mkurugenzi kwa sababu ndivyo kibali kilichotundikwa ukutani kilivyosema, ila ofisi yake ilikuwa jiko la nyuma ya nyumba yake hapa Bariadi, na wafanyakazi tulikuwa wachache sana. Yeye alipika. Msimamizi wa Uchachushaji, mzee mkimya aliyewahi kupima pamba kwenye kinu cha Maswa, alilinda madumu yaliyokuwa yakiumuka. Mimi nikawa fundi wa vizibo.

Kabla ya hapo nilikuwa nachora vibao vya maduka na saluni, kwa hiyo mkono nilikuwa nao. Ila kizibo ni kibao kidogo kuliko kucha mbili, na kina masharti yake. Kinakuja kitupu. Ndani kina utando mwembamba wa plastiki, na huo ndio unaozuia gesi isitoke. Unapaka nje tu, rangi ya mafuta, tabaka moja, unaanika kivulini kwenye wavu kwa siku mbili. Chupa ikishajazwa unaweka kizibo mdomoni, unashusha mashine ya mikono miwili, na meno yanajikunja kukaza shingo. Rangi ikiharibika unaifuta juu kwa kitambaa chenye thina kidogo. Kuloweka ni marufuku. Thina ikifika kwenye utando, utando unavimba na kushika harufu, gesi inatoroka, na mteja anafungua kinywaji kilichokwisha kufa.

Nyekundu ilikuwa ya mvinyo wa rozela, njano ya wanzuki, yaani pombe ya asali, na nyeupe ya tangawizi. Kwenye jino moja niliweka nukta ya kuonyesha siku ya kujaza, ili Msimamizi ajue ipi itoke kwanza. Harusi walitaka herufi za maharusi. Kipaimara walitaka njiwa. Mfugaji mmoja wa Zagayu alikuja na alama anayowachomea ng'ombe wake, akataka kila chupa ya sherehe yake iwe nayo, na wageni walipoiona kwenye meza walicheka mpaka wakasahau kunywa. Lakini kazi yangu hasa, ile niliyojivunia, ilikuwa tunda la pamba lililopasuka. Nililichora kwa brashi niliyoitengeneza kwa nywele chache za mkia wa mbuzi, na nyuzi zake ungeweza kuzihesabu. Nilitaka jambo moja tu katika maisha yale: mtu akitaja vizibo Bariadi nzima, alitaje jina langu, Nkwabi, na asiongeze la pili.

Mkurugenzi akanipeleka Nassa kwa mwaka mmoja, kwa dada yake aliyetaka kuanza kazi kama yetu. Huko nilichora sato na mitumbwi, nikala samaki kuliko nilivyowahi kula, nikafundisha watu wawili kukaza vizibo bila kuvunja shingo za chupa. Niliporudi nilikuta kigoda changu kimekaliwa.

"Mwangaluka, guku," alisema msichana aliyekikalia, salamu ya asubuhi ya Kisukuma kwa babu, akasimama haraka. "Nimekaa kwako, nisamehe."

Aliitwa Kabula. Mkurugenzi alisema nimfundishe, nami nilifurahi, maana hakujua kuchora. Mstari wake ulikwenda upande kama njia ya ng'ombe. Ua lake lilifanana na yai lililopasuka. Nilimsahihisha kwa sauti ya upole ambayo hata mimi naikumbuka sasa nikijichukia kidogo.

Mwezi wa pili alikwenda kwa Mkurugenzi, ambaye alimwita mayu, yaani mama, na kreti tupu.

"Mayu, kreti inaingia chupa ngapi?"

"Ishirini na nne, kwani hujui?"

"Na drafti ina kete ngapi?"

Mkurugenzi aliacha mwiko ndani ya sufuria. Wote tunajua wazee wanavyocheza drafti hapa mjini, kwenye ubao, kwa vizibo vya soda vya kuokoteza, hiki kimepinda, kile kina kutu, na ugomvi kila siku kuhusu kete ya nani ni ipi. Kabula alitaka kila kreti iwe na vizibo kumi na viwili vyeusi na kumi na viwili vyeupe vyenye mstari mmoja. Ukimaliza kreti, una kete zote. Ukifungua vizuri bila kukikunja, kizibo kinakaa ubaoni sawasawa, na kikifika upande wa pili unakipandishia kingine cha rangi yake, kinakuwa kingi, yaani mfalme. Rangi ya kinywaji, kwa sababu kreti yote ni ya aina moja, ingewekwa kwenye meno.

"Nkwabi," Mkurugenzi aliniita, "umeyasikia haya? Miaka yote hiyo tumekaa na kreti hapa!"

Nilisema ni wazo zuri. Wivu ulinishika. Si kwamba lilikuwa wazo gumu. Lilikuwa rahisi mno, ndilo lililoniuma. Mimi nilikaa mbele ya kreti ile miaka na miaka nikihangaika na nyuzi za pamba, na huyu asiyejua kuchora yai aliitazama mara moja akaona mchezo mzima.

Ndani ya msimu mmoja wateja waliacha kuuliza pamba yangu. Walisema, "Tuletee za Kabula." Mkurugenzi akatangaza kwamba kabla ya sikukuu atachagua alama moja ya nyumba, itakayokatwa kwenye muhuri wa mpira na kubaki. Kila mtu alijua itakuwa ya nani. Nilianza kusahau kumfundisha vitu. Nilimfundisha nje ya kizibo, kupaka, kuanika, kupanga. Habari ya utando na thina sikumwambia. Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho, na nilijua najidanganya.

Basi ikaja harusi ya Maswa. Kreti zilitakiwa Jumamosi. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, Kabula aliweka mistari kabla ya rangi ya chini kukauka, ikachuruzika, vizibo vyote vikawa na madoa. Nilikuwa nafunga mzigo kwenye baiskeli yangu nilipomwona anachukua beseni, anamimina vizibo vyote, kisha anafungua kopo la thina. Aliinua macho akaniona. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuambiwa ndiyo au hapana.

"Guku, hivi ni sawa?"

Neno moja tu lingetosha. Nilishika usukani nikasema, "Wahi, usichelewe kuanika." Nikaondoka.

Jumatatu kreti zilirudi. Mjomba wa bibi harusi ndiye aliyezileta mwenyewe, akazishusha moja moja mbele ya jiko bila kumsalimu mtu. Tangawizi haikuwa na gesi, na ilinuka kama geti lililopakwa rangi jana. Wakwe walikuwa wameitema mbele ya wageni. Mkurugenzi, ambaye sikuwahi kumwona akilia, alivuta kiti akakaa, akafunika uso kwa kitenge. Kisha akatuita wote wawili.

"Nani aliloweka?"

"Mimi, mayu," Kabula alisema.

Mkurugenzi akanigeukia. "Na wewe, fundi wangu, ulikuwepo?"

Nilifungua mdomo. Sijui mpaka leo ningesema nini. Kabula akawahi.

"Hakuwepo, mayu. Guku alikuwa ameshaondoka."

Nikarudi mezani kwangu, nikachukua brashi.

Walimhamishia kuosha chupa, kazi ya kuinama kutwa nzima na brashi mkononi. Muhuri ukakatwa tunda la pamba. Nilikuwa nimeshinda, na kila nilipopita karibu na mabeseni nilikuta ananisalimu vilevile, "Mwadila, guku," bila kuninunia hata kidogo, jambo lililonichoma kuliko matusi. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Mimi ningekuwa yeye ningesema ukweli wote siku ileile, na kuongeza wa kwangu.

Ushindi wangu haukukaa. Wazee wa drafti walimfuata Mkurugenzi mpaka jikoni, mmoja wao akiwa na kizibo changu kiganjani. "Hiki kiua tukifanyie nini? Ni kizuri, ila hakina mwenzake." Kabula akarudishwa mezani, safari hii akamuuliza Msimamizi habari ya utando, na mzee yule mkimya alimweleza yote kwa mchana mmoja. Muhuri wangu ukawekwa kwenye kabati. Msimamizi alipostaafu Kabula akachukua nafasi yake, na Mkurugenzi alipozeeka, watu wakaanza kumwita Kabula kwa cheo hicho.

Nilistaafu macho yalipokataa. Siku ya kuniaga alisimama mbele ya watu akasema kila anachokijua kuhusu vizibo alikipata kwangu. Watu walipiga makofi. Nilitamani meza iniangukie.

Siku hizi nacheza drafti karibu na stendi, kwa kete zake, maana nyingine hakuna. Mwaka huu ilipotea kete moja nyeupe na wenzangu wakaniomba nichore ya kuziba nafasi. Nilikaa nayo asubuhi nzima. Kuchora mstari mmoja ulionyooka, mweusi juu ya nyeupe, kulinishinda mara tatu. Ya nne ikakubali. Hakuna anayeweza kuitofautisha na zake, na ndicho kizibo changu pekee kinachotumika katika mji huu.

Juzi Kabula alikuja nyumbani, akaketi, akaomba niwaandikie ninyi mnaoanza namna kazi ilivyokuwa, karatasi ibandikwe juu ya meza ya vizibo. "Wabeja, guku," alinishukuru kabla hata sijakubali. Angeweza kuandika mwenyewe, anajua kuliko mimi. Bado namwonea wivu, msidhani uzee umenitibu.

Basi kabla hamjashika brashi, geuzeni kizibo mtazame ndani. Utando ule msiuguse kwa thina, wala msimwache mwenzenu auguse. Na ile Alhamisi ya harusi ya Maswa, Kabula alipoinua macho na kuuliza kama ni sawa, nilikuwepo.