Kuku wa Mama Nekesa Walivyonilaza Hospitalini

Wapendwa, mkiniona nimesimama hapa kwa miguu yangu, basi mwenye sifa ni Mungu. Nitasema kwa ufupi, maana nikiongea sana pumzi bado inanikatika.

Wengi wenu mlimjua marehemu mke wangu, Mama Nekesa. Alipenda kuku. Kwetu, kama nyumba nyingi hapa Kabras, kuku walilala ndani, jikoni, mwizi asiwafikie. Alipofariki aliniachia hao kuku, na watoto walishahamia kwao. Jioni nikifunga mlango nilikuwa nikiwasikia wakinong'ona jikoni, nikaona kama bado yupo. Niliwapenda kwa sababu hiyo, mayai yalikuwa ziada tu.

Mvua zilipoanza, mmoja akawa anakoroma na kutokwa kamasi. Nilifanya alivyokuwa akifanya mwenyewe: nikampakata, nikampanua mdomo, nikamnywesha maji ya mshubiri. Akanipigia chafya usoni. Nikapangusa kwa kiganja, nikaendelea, lakini akafa. Wa pili alipoinamisha kichwa nilimwahi kwa kisu kabla hajafa, kama tunavyofanya sote, maana nani hapa atafukia ingokho, kuku aliyenona? Nikamnyonyoa, utumbo nikautoa kwa mikono mitupu. Firigisi nikala mimi, mwenye nyumba.

Haukupita muda kichwa kikaniuma kama kinapasuliwa. Homa, baridi, jasho la kulowesha godoro. Kikohozi kilianza kikavu, kisha yakaja makohozi ya rangi ya kutu. Niliharisha nikashindwa kufika chooni. Nikasema ni malaria, nikanunua dawa dukani. Binti yangu Nekesa alipokuja kunijulia hali alikuta midomo imekuwa bluu. Aliita bodaboda, akakaa nyuma yangu akinishikilia mpaka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mpole. "Mzee, unafuga kuku?"

"Nafuga."

"Kuna waliokufa?"

"Mmoja amekufa, mwingine nimemla."

Akavaa barakoa. Nikawekwa chumba cha peke yangu, mpira wa oksijeni puani. Akaniambia, "Inaweza kuwa mafua ya ndege, inaweza kuwa kitu kingine. Tutapima, lakini dawa tunaanza sasa."

Huko nyumbani afisa wa mifugo, aliyeitwa na hospitali, alikuwa amefika, akataka kuku wote waliobaki wauawe na kufukiwa. Nekesa akasema wasiguswe kabla hajaniuliza. Hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alisimama nje ya dirisha, akanipigia simu.

"Baba, hawa ni wa mama. Usiposema wewe, sitakubali."

"Hakuna hata mmoja wa kubakiza?"

"Afisa anasema hakuna. Wanalalanga ndani na wewe, baba. Ukitoka utarudi hapa tena."

Nililia, na kilio kikaleta kikohozi mpaka mbavu zikauma. Niliona kama namzika mke wangu mara ya pili. Halafu nikamtazama mwanangu pale kioo kilipo, macho yamemwiva, ameshika mfuko wa nguo zangu chafu. Nikamwambia, "Wamalizeni. Nataka kurudi nyumbani."

Vipimo vilirudi. Hayakuwa mafua ya ndege, ila ugonjwa mwingine wa mapafu ambao ndege pia huuleta, na dawa zilikuwa zimeushika. Daktari akasema, "Umebahatika, mzee. Siku nyingine yanaweza kuwa mafua ya ndege yenyewe."

Nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani kama mtoto, na ninyi mliopalilia miwa yangu nikiwa sijiwezi. Jamani, kuku alale kibandani. Akiugua, usimkimbilie na kisu. Mwite afisa wa mifugo. Aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Na ukipata homa, mwambie daktari ulishika kuku wagonjwa, hata kama hajakuuliza. Mimi bila swali lile mngekuwa mmeshanisahau.

Nekesa ameniletea mitetea wawili wa kuanzia. Wanalala nje. Juzi jioni mvua ilipiga vibaya, nikawasikia wakilia kibandani. Nilifika mlangoni, nikashika komeo. Nilitamani mno kuwaingiza, wanong'one kidogo tu pale jikoni, nidhani ni yeye. Sikufungua. Nilikaa kwenye kiti chake, peke yangu, nikavuta pumzi, na ikaingia yote.