Mkono Niliokanda Asubuhi

Niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali nikazeeka. Nilivuna chumvi Moa, nikapakia nazi Pangani, kisha nikaangukia shamba la mkonge upande wa Mwera, kazi yangu kuanika nyuzi. Chumba changu kilipakana na cha mzee aliyelisha majani kwenye korona, mashine ya kusaga mkonge. Siku moja ilimvuta mkono wa kulia. Vidole vilibaki vyote, ila vitatu vilijikunja vikakakamaa.

"Vyangu vimestaafu kabla yangu," alikuwa akisema, akicheka peke yake.

Daktari wa shamba aliandika kwamba mzee hawezi tena kazi ya mikono. Watu wa fidia hawakuridhika. Wakamwita Tanga mjini, mtaa wa Usagara, apimwe na daktari mwingine, asiye wa shamba wala wa mzee. Huyo ndiye angeamua: alipwe apumzike, au arudi kwenye korona.

Asubuhi ya safari mkewe alipasha mafuta ya nazi. Kwao ni aibu kumpelekea daktari kiungo kikavu, ni kama kumkaribisha mgeni uani kabla hakujafagiliwa. Nami, katika kuzurura kwangu, nilifundishwa kukanda na bibi mmoja wa Kidigo. Nikamkanda kifundo kwa kifundo mpaka vidole vikalegea. Hata kwenye benchi la kusubiria niliendelea, visije vikakaza.

"We mtoto una mikono," alisema. "Ungesoma ungekuwa daktari."

"Ningesoma ningekujulia wapi, mzee?"

Daktari alikuwa kijana mpole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akalaza kipimo cha plastiki juu ya kila kidole. "Kunja. Haya, kunjua." Mzee akakunjua, jasho likimtoka, akinitupia jicho kama mtoto aliyepata hesabu.

"Panauma?"

"Kidogo tu. Tunamshukuru Mungu."

Daktari akaandika. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilifurahi. Hilo ndilo silisahau.

Wakati wa kurudi, kabla hatujafika Pangani, vidole vilikuwa vimeshajikunja tena. Mzee alivitazama, akavifunika kwa leso. Mimi ndiye niliyesema turudi, tumweleze daktari.

"Tumwambie nini? Kwamba nilikwenda nimeoga na kukandwa?"

Barua ilipokuja niliisoma mimi, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Ilisema vidole vinanyooka vya kutosha, arejee kazini. Niliisoma mara mbili, nikitafuta neno ambalo pengine sikulielewa. Halikuwepo.

Jumatatu, kabla ya king'ora cha zamu, alibisha mlangoni kwangu, kibakuli cha mafuta mkononi.

"Nikande, mwanangu. Nisichelewe."

Nikamkanda. Nilimkanda kila asubuhi kwa wiki tatu, vidole vikilegea kwa muda wa kutosha kushika majani ya mwanzo. Kisha nikafunga mzigo wangu, nikaondoka bila kumuaga.