Kialama cha Ng'

Dada mtaalamu wa kompyuta wa karakana yetu ya kuchonga vibao huziandikia herufi zote programu, mstari kwa mstari, ili sindano ya mashine ijue pa kupita na pa kuinuka. Akifikiri, kidole chake huchora hewani na midomo humcheza. Ukimsemesha, hujibu "naam, naam" bila kusikia neno.

Asubuhi moja mzee mmoja alirudisha kibao cha kaburi la mkewe.

"Mwanangu, jina lake lina ng' yenye kialama juu. Hapa mmemwita mtu mwingine."

Programu haikuwa na alama hiyo. Mimi nikasema tuikwaruze kwa msumari, yaishe.

"Hapana, kaka," dada alinikatiza. Akamvutia mzee kiti mbele ya kioo cha kompyuta, akachora mstari mfupi. "Hapa, baba?"

"Bado. Marehemu mwenyewe akiliandika jina lake, aliuweka juu zaidi."

Akausogeza. Akauliza tena, mara nne, bila kuchoka.

Kibao kipya kilipotoka, mzee alipapasa jina, kisha akaliita kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba mkewe yuko chumba cha pili. Dada akainuka taratibu, akaizima mashine ili kusiwe na kelele.