Kina cha "Ni"

Mimi ni mtu wa kuombwa mashairi. Watu wa Rujewa na Ubaruku wakiwa na shughuli huniita, mwalimu mstaafu Yotamu: harusi, mahafali ya darasa la saba, hata kumuaga mtendaji wa kata ambaye kila mtu anafurahi kwamba anahamishwa. Walianza zamani kusema nina kipaji, nami nikaamini mapema mno. Sifa zina utamu wake, na mimi nilizila bila kunawa.

Miaka thelathini na moja nilifundisha Kiswahili, na kila darasa nililiambia jambo moja: kina si urembo wa kubandika mwishoni mwa mstari. Kina ndicho kinachomwambia msikilizaji acheke au alie kabla maneno yenyewe hayajamfikia. Shairi la harusi nalifunga kwa -cha au -ka, kumekucha, bibi anacheka, bwana anacheka. Sauti inakatika haraka na mabega yanacheza yenyewe. La msiba nalifunga kwa -ni. Tamka -ni taratibu uone inavyopanda puani. Mtu akiirudia mara nane atalia, hata kama marehemu alikuwa jirani asiyesalimiana naye.

Mwaka juzi, mwezi wa sita, alifariki Sosthenes, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku. Alikuwa Mhehe wa Kilolo kama mimi, ndiyo maana tulizoeana. Alishuka huku kijana, baada ya kufiwa na mke wake wa kwanza, akakaa miaka kumi na tisa na Esnath, mama wa Kinyakyusa aliyekuwa akiwapikia vibarua wa mashine. Kanisani kufunga ndoa hawakufika. Walikuwa wanasema mwakani, mwakani, kisha kiharusi kikamwangusha Sosthenes, na Esnath akamgeuza kitandani, akamlisha na kumwogesha miaka mitatu. Ndugu wa Kilolo walikuja kumwona mara moja tu.

Mimi nilikuwa naenda kila Jumapili. Siku moja, ulimi wake ukiwa mzito, alinishika mkono akasema, "Mwalimu, mnizike hapahapa. Kwa Esnath." Ilibidi arudie ndipo nikamwelewa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimesikia.

Alipofariki, Esnath mwenyewe ndiye aliyeniomba shairi. Nilikaa na daftari, nikaorodhesha maneno ya -ni kama ilivyo desturi yangu: kaburini, nyumbani, duniani, machozini, ugenini. Nilipofika kwenye ugenini nikasikia mwili unasisimka. Nikakata nyumbani, maana nyumbani halilizi mtu. Haya, mnisikilize nilivyoandika:

Mashine imenyamaza, fundi yuko safarini,
Mpunga unauliza, nani yupo mashineni,
Nani wa kumliwaza, aliyelala chumbani,
Fundi wetu wa mashine, amefia ugenini.

Mstari ule wa mwisho ndio kibwagizo, unaorudiwa na wote kila ubeti unapokwisha. Beti zilikuwa nane. Nilisoma mchana, uani kwa Esnath, watu wamejaa hadi barabarani, na kufikia ubeti wa tatu akina mama walikuwa wanalia kwa sauti. Edmund, kaka wa marehemu, aliyefika asubuhi ile na wazee wa ukoo, alikuwa anajifuta kwa leso. Kijana mmoja alinirekodi kwa simu. Nakiri kwamba nilifurahi. Esnath alikaa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa, na mimi nikadhani ni huzuni tu.

Kesho yake asubuhi kikakaa kikao cha familia. Edmund alianza kwa upole, akamshukuru "huyu mama" kwa kumtunza ndugu yao. Esnath alikuwa anamwita shemeji, yeye akimwita huyu mama. Kisha akasema mwili unapelekwa Kilolo.

Esnath akasema, "Shemeji, mwenyewe alisema azikwe hapa."

"Alisema kwa nani? Mtu alikuwa haongei," Edmund akajibu. "Hata shairi yenyewe imesema, jana mmesikia wote. Amefia ugenini. Sasa mtu akifia ugenini si anarudishwa kwao?"

Wazee wakaguna kukubali. Esnath akanitazama. Edmund naye akanitazama, maana alijua nilikuwa rafiki wa marehemu. "Au vipi, Mwalimu? Wewe alikuambia kitu?"

Ninaona aibu kuandika hili. Neno pekee lililonijia mdomoni lilikuwa kumsahihisha kwamba ni "shairi lenyewe limesema". Kusema alichoniambia Sosthenes kungekuwa kusema kwamba jana, mbele ya watu wote wale, nilisoma uongo, na kwamba machozi yao niliyapata kwa uongo huo. Nikasema mambo ya ukoo wanayajua wenye ukoo. Edmund akanishukuru kwa hekima.

Baadaye nilimkuta Esnath nyuma ya nyumba anakunja mashati ya mume wake. Hakulia wala hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

"Mwalimu, ugenini ni kwangu?"

"Ni kina, mama. Shairi lina sheria zake. Kina kilinibana, kilitaka neno linaloishia na ni."

Akakunja shati moja, akaliweka juu ya lingine, akalisawazisha kola. Alisoma hadi darasa la nne tu, kwao Rungwe.

"Na nyumbani je?" akauliza. "Nyumbani haina hiyo ni?"

Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na moja, sikuweza hata kumdanganya kwamba mizani ingepungua, kwa sababu palepale, bila kutaka, kichwa changu kilishapanga: kafia kwake nyumbani. Silabi nane kamili. Kina hakikunibana. Nilitaka watu walie, nikachukua nyumba yake nikaifanya ugenini.

Tuliondoka na basi dogo, tukapanda hadi Kilolo kwenye baridi na ukungu. Njiani niliandika mstari mpya juu ya goti, nikaukariri. Kusema kwa mdomo wangu kama mwanaume nilishindwa, nikaona nitasema kwa shairi, na angalau watu wa Kilolo wamsikie mwanamke huyu akipewa nyumba na mume mbele yao, maana kwenye ratiba ya mazishi jina lake halikuwepo. Walioandikwa ni kaka, dada, na wajukuu wa kaka. Esnath alisimama nyuma, pamoja na sisi majirani.

Sikujua kwamba ile rekodi ya simu ilikuwa imetangulia. Ilikuwa imezunguka kwenye grupu la ukoo siku mbili, na kwaya ya kigango ilishakitafutia kibwagizo sauti nne. Edmund akanikaribisha kaburini, "Mwalimu, tusomee tena ile."

Nikasoma ubeti wa kwanza. Nilipofika mwisho nikapaza sauti kuliko nilivyowahi kupaza maishani:

"Fundi wetu wa mashine, kafia kwake nyumbani."

Kaburi zima likaitikia, soprano hadi besi, "Amefia ugenini."

Nikadhani hawakusikia. Ubeti wa pili nikasema polepole, neno moja moja. Kwake. Nyumbani. Wakaitikia vilevile, ugenini, na hakuna aliyegeuza shingo wala kukunja uso. Kwa nini wageuze? -ni yangu na -ni yao ziliingiana vizuri kabisa, mshono hauonekani. Miaka yote nimefundisha kwamba kina hufika kabla ya maneno, na sasa kilikuwa kimefika na hakuna mtu aliyekuwa anasubiri maneno. Nilisema ukweli mara nane na mara nane ukafunikwa, huku Edmund akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikamtafuta Esnath kwa macho, nikiwa na tumaini kwamba yeye angalau amesikia. Alikuwa amefumba macho, khanga imebana kifuani, machozi yanamtiririka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisogea hatua mbili nipate kumsikia, na kweli alikuwa anaitikia pamoja na wengine, taratibu, kwa sauti nzuri: amefia ugenini.