Paa lisilopiga kelele

Wiki iliyopita nilikwenda Kolandoto kumwona mzee jirani yangu, aliyekuwa akiuguzwa nyumbani kwa binti yake, nesi. Nyumba hiyo ilijengwa na mhandisi mgeni, akaiezeka kwa vigae laini alivyoagiza kwao, vya nyuzi za kioo zilizoloweshwa lami na kunyunyiziwa changarawe. Mafundi wetu huviita makaratasi.

Mzee hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Mkewe aliketi kitandani akimpepea kwa upindo wa kanga. Mara mvua kubwa ikaanguka. Sote tukanyamaza na kukunja nyuso, kwa mazoea yetu watu wa nyumba za bati, ambao mvua ikinyesha huongea kwa mikono. Lakini juu yetu ulisikika mnong'ono tu, kama mtu anayepepeta mchele chumba cha pili.

Ndipo mzee akafumbua macho.

"Kabula," alisema kwa sauti ndogo mno.

Mkewe aliacha kupepea. Tangu wapate mtoto wa kwanza, mzee hakuwa amemwita kwa jina lake.

"Umeniitaje, Baba Masanja?"

"Kabula. Umekaa nami vizuri."

"Nawe pia," alijibu mama, akamshika mkono.

Mzee alifariki kabla mvua haijakatika.

Mimi nyumba yangu ni ya bati, na wanangu hulala vizuri kwa mlio wake. Ila jioni ile nilisimama uani kwenye matone ya mwisho, nikalitazama paa lile la makaratasi, kofia mkononi.