Springi Nilizokata Kabla ya Kwenda Ukweni

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Mweiga, na nilikuwa na gari dogo la kubebea viazi ambalo mimi peke yangu nililiona la mashindano. Wiki moja kabla ya kupeleka mahari kwa kina Wanjiru, mchumba wangu, kule Kangema, nilikwenda kwa fundi mjini Nyeri.

"Mwalimu, hii gari inataka springi ngumu," akasema. "Huko juu barabara ni mawe."

Nikamwambia akate zilizopo, gari lilale chini kama yale ya mashindano, kisha aweke ekzosi nene. Nilitaka baba mkwe, ambaye hakuwa amewahi kuniona, anisikie nikiwa bado ng'ambo ya mto.

"Haya, utalima barabara," akasema, akachukua msumeno.

Siku yenyewe niliwapakia wazee wanne wa ukoo wetu, wamevaa makoti yao mazuri. Kwenye mlima wa mwisho tumbo la gari likakalia jiwe, na ekzosi ikang'oka. Wazee wakashuka, wakatazamana, wakaendelea kwa miguu. Mimi nikabaki chini ya gari nikichimba kwa mikono mpaka nikakata tamaa.

Nilifika nikiwa tope tupu, nimekumbatia ekzosi kama mtoto mchanga. Wazee walikuwa wanakunywa uji.

Baba mkwe alinionea huruma. "Pole, fundi. Pitia jikoni upewe chai." Kisha akawageukia wazee. "Na huyu mkwe wangu mwenye gari ya mbio atafika saa ngapi?"

Hakuna mzee hata mmoja aliyeinua macho kutoka kwenye uji wake.